Mchikichi Uitwao Hamisi

Juzi, mbele ya ofisi moja hapa Rumonge, niliwaona akina bibi wakidai mashamba yao kwa kutaja majina ya watu, na harufu ya mawese ikanirudia puani.

Nilikuwa mdogo. Bibi yangu na wenzake walikuwa wakichemsha mawese kule Minago, shefu, mkuu wa eneo lile, akaja na polisi wawili na kamba ya kupimia.

"Shamba hii haina mwenyewe," alisema.

"Iko na Hamisi, Yusufu na Ramazani," Bibi akajibu.

"Wako wapi? Waje!"

Wanawake wakainama kukoroga mafuta yaliyokuwa yakitokota. Nilidhani wamesahau, nikanyoosha kidole kwenye michikichi.

"Wale pale!"

Ndivyo ilivyoitwa tangu nipate akili, kama watu wanavyowapa mbuzi wao majina.

Polisi walicheka. Bibi hakucheka.

"Mutoto anasema kweli. Andika, shefu. Hamisi, bwana yangu. Walimuchukua, hakurudi, nikapanda muti ule."

Wenzake wakafuata, kila mmoja na jina la mtu wake. Shefu hakuandika kitu, lakini kamba haikukunjuliwa, na shamba halikupimwa.

Mimi nilikuwa nikimtazama babu yangu, niliyempiga mawe asubuhi ileile.