Mwanakikundi Asiyefika Kikaoni

Saa tisa alasiri, Jumamosi, simu ya Hidaya Khalfani inatoa mlio mfupi wa ujumbe. Anaitazama, anaigeuza kifudifudi mezani, kisha anaendelea kuchomea waya wa simu ya mteja.

"Ni Gervasi huyo," anasema Zubery, kijana wa Ujiji aliyeketi kwenye benchi na kompyuta mapajani. "Mwenzio anakusalimia, dada, wewe unamgeuza uso chini."

"Nina kazi mkononi."

"Ya Gervasi nayo iko mkononi mwako tangu mwezi uliopita."

Wanakikundi wengine waliokuja kikaoni wanacheka. Hidaya hacheki.

Kibanda hiki cha kutengeneza simu, Buzebazeba mjini Kigoma, ndiyo ofisi ya Boti Leo. Ni programu ya mtandao inayoonyesha boti zinazoondoka mwalo wa Kibirizi kwenda vijiji vya ziwani. Ni programu huria: msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma na kuutumia kama apendavyo. Wanaoijenga ni watu tisa, na hakuna anayelipwa. Siku nzuri kibanda humwingizia Hidaya shilingi elfu kumi na tano. Humo hutoka bando la intaneti la kikao cha kila Jumamosi.

"Programu si ngumu, wagumu ni watu," anasema Hidaya, mwenye umri wa miaka 31, aliyekianzisha kikundi hiki. "Mtu wa kujitolea humkati mshahara. Ukimuudhi leo, Jumamosi ijayo ana harusi ya binamu."

Kwa hiyo aliweka kanuni. Rekebisho lolote lisomwe kwanza na mtu mwingine. Na anayeruhusiwa kuliingiza kwenye programu, ambaye wao humwita mwenye ufunguo, awe anahudhuria vikao vya Jumamosi. Kanuni hiyo ya pili ilitungwa kwa ajili ya wavivu wa mjini. Aliyekuja kufungiwa nje nayo si mvivu.

Gervasi Nduwimana, 26, alikuwa mwaka wa tatu chuoni Bujumbura alipoikimbia Burundi mwaka 2015. Sasa, mwaka 2017, anaishi katika kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu, na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Aliuona msimbo wa Boti Leo kwenye kompyuta ya kituo cha mafunzo kambini, akatuma rekebisho moja, kisha jingine. Hakuna mwanakikundi aliyewahi kuonana naye.

"Mwanzoni nilifurahi," anasema Hidaya. "Baadaye nikaona mtu akikwama haniulizi mimi. Anasema, ngoja tumuulize Gervasi. Na mimi nimekaa hapa hapa, ananiona."

Anamtupia Zubery jicho. "Hata salamu wamebadilisha. Mtu kazaliwa Ujiji, anaingia kwangu na 'Amahoro' ya Kirundi."

"Nilikuwa najifunza lugha, dada."

"Mbona Kiha cha bibi yako hujajifunza?"

Mwezi uliopita Gervasi alituma rekebisho dogo: kila taarifa ya boti ionyeshe siku na saa ilipoandikwa. Manahodha hutuma taarifa kwa ujumbe wa simu. Mtandao ukikatika kijijini, ujumbe hufika umechelewa, na boti iliyokwisha kuondoka huonekana kama inasubiri abiria. Marcelina, mwalimu wa sekondari aliyemo kikundini tangu mwanzo, alilisoma rekebisho hilo na kuliona halina kasoro. Hidaya, mwenye ufunguo pekee, hakuliingiza. Gervasi alipoomba naye apewe ufunguo, alijibiwa kwamba hahudhurii vikao.

"Sikusema uongo, kanuni ilikuwepo," anasema Hidaya. "Ila nilijua ninachofanya. Nilikuwa na wivu naye."

Kabla ya saa kumi, mwanamke aliyejitwisha tenga la nyanya anasimama mbele ya kibanda. Ni Regina Bukuru, mfanyabiashara wa Mwamgongo ambaye hununua bidhaa Mwandiga na kuzisafirisha kwa boti.

"Mwenye Boti Leo ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Simu ilinionyesha boti ipo. Nimefika mwaloni, naambiwa hiyo iliondoka juzi. Nimelala pale na mzigo." Analitua tenga mezani, katikati ya simu zilizofunguliwa. Maji ya nyanya yanachuruzika. "Nasikia ni ya bure, basi sidai kitu. Lakini hizi Mwamgongo hazifiki. Zileni nyinyi, wenye vikao."

Hidaya anaomba radhi. Marcelina anamsogezea mgeni kiti na maji ya kunywa. Jina la Gervasi halitajwi na yeyote.

Hidaya anaigeuza simu yake. Ujumbe unasomeka: "Amahoro, dada. Lile la saa mmelionaje?"

Anavuta kompyuta ya Zubery na kuliingiza rekebisho mwenyewe. Kisha anapiga simu, anafungua spika wote wasikie, na kuiegemeza simu kwenye tenga.

"Gervasi, uko kikaoni sasa. Zubery, mwandike kahudhuria."

"Nimwandike kakaa wapi?"

"Hapo, kwenye nyanya."

Siku hiyo hiyo Gervasi anapewa ufunguo.

Jumatatu asubuhi Hidaya anatuma rekebisho lake mwenyewe: abiria apate ujumbe wa simu boti yake inapoahirishwa. Anataka lianze kufanya kazi kabla ya msimu wa mvua, boti zinapoahirishwa mara kwa mara. Kwa kanuni yake, ni lazima mwingine alisome.

Gervasi analirudisha. "Dada, saa mbili ya asubuhi na saa mbili ya usiku hazitofautiani hapa. Mtu atakosa boti. Rekebisha."

"Alikuwa sahihi," anasema Hidaya. "Na bado iliniuma mpaka mchana."

Anarekebisha, anatuma tena. Saa nane mchana, Gervasi analiingiza.