Hodi ya Mtia Rangi

Mtazame akija, huyu mama mtia rangi wa karakana ya vitambaa. Lazima abishe hodi. Mzee mwenye karakana alipostaafu aliiuza kwa wafanyakazi wake kumi na mmoja, mama huyu akiwemo, kwa hiyo mlango ni wake pia, lakini hodi haijamtoka mdomoni. Mikono yake ni ya buluu hadi viwikoni. "Wewe hata ukioga unabaki na sare," wenzake humtania.

Jana alikuwa peke yake mteja alipoleta kazi ya kuwatosha msimu mzima, ila kwa sharti watumie ile rangi kali inayoshika haraka.

"Bosi yuko wapi?"

Kwa mazoea, mama akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Dirishani ilionekana bustani ya mboga ya jirani, inayonyweshwa maji ya mtaro wa karakana. Akajifuta mikono taratibu.

"Bosi ni mimi, baba. Mimi na wenzangu kumi. Rangi hiyo hatutumii, maji yake yanaua mboga za watu."

Mteja akaondoka bila kuaga. Leo wenzake wako ndani, hawajui lolote, naye yuko mlangoni na habari yake. Amebisha. Ungekuwa wewe ndani, mwenye karakana kama yeye, hodi hiyo ungeiitikiaje?