Ndama wa Nyuma ya Minyaa

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule unaopanda kutoka ziwani na kulala juu ya mashamba ya Magu mpaka jua lijisikie kuamka. Nilikuwa nimekaa juu ya trekta kuukuu la marehemu baba mkwe, injini inanguruma, na mbele yangu pamba changa imejipanga mistari, mara inaonekana, mara inapotea. Hata leo nikifumba macho naiona, na siku nyingine sijui kama ni kumbukumbu au ni ndoto niliyoizoea.

Pamba ile aliipanda baba mkwe mwenyewe, kwa mashine ya kupandia mistari miwili kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe alitembea nyuma yake akifukia mbegu zilizobaki nje. Haukupita muda mzee akafariki. Mvua haikungoja msiba uishe. Magugu yakapanda, yakabakiza kidogo tu kuimeza pamba, na shamba lenyewe ndilo hilo moja alilomwachia mjane wake. Mke wangu Minza akaniambia, "Mume wangu, hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya baba. Usiiache ikafa."

Mimi nilikuwa fundi kijana kutoka Igoma, nimezoea spana, na najiamini kupita kiasi. Ujana, si unaujua. Nikalipeleka trekta kwenye sakafu ya saruji ya ghala la pamba, nikachora kwa chaki mistari miwili yenye upana ule ule wa shambani. Nikarekebisha magurudumu ili yapite katikati ya mistari bila kuikanyaga. Nyuma nikafunga jembe la palizi, lile la meno mengi, na kila jino nikalisogeza kwenye fremu mpaka likae mbali kidogo na chaki, maana chaki ndiyo pamba. Meno yote nikayaweka kimo kimoja, yakwaruze juu juu yasifike kwenye mizizi. Nati nilizikaza mpaka viganja vikaniuma. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hata leo, hakuna jino lililokaa vibaya.

Basi asubuhi hiyo nikaingia shambani kwa upande wa barabara, kwa sababu ndiko nilikotokea. Sikuuliza mtu. Nilipofika katikati nikageuka kutazama nyuma. Mstari mmoja ulikuwa safi. Kwenye wa pili miche ilikuwa imelala chini, imekatwa, bado mibichi. Nikazima injini, nikabaki nimekaa pale juu kama mgonjwa. Nilikuwa naikata pamba ya marehemu mbele ya nyumba yake.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe tunayozungushia boma. Alikuwa mama mkwe. Na hapa nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu. Kwetu wakati ule mkwilima, yaani mkwe wa kiume, hakutazamana uso kwa uso na mama mkwe, wala hawakusemezana. Kwa hiyo mama hakunisemesha mimi. Alimsemesha ndama wake aliyemfunga pale.

"Wewe ndama, una haraka gani? Mwenye shamba alianzia kwenye kichuguu, akaenda mistari miwili miwili. Ile aliyopanda pamoja ndiyo iliyolingana. Akigeuka kuanza mingine alikuwa anakisia kwa macho tu. Sasa wewe unashika mmoja wa huku na mmoja wa kule, utaacha kuikata pamba yake?" Akaendelea. "Nimekuita tangu unaingia. Ila ukilia muda wote, utasikia nini?"

Nikashuka, nikaupa uzio mgongo, nikagonga boneti kwa kiganja. "Wewe trekta, umesikia. Haya, tukitoka kwenye kichuguu tunashika upande gani?"

Sauti ikaja, sijui ilikuwa inacheka au inalia. "Ndama, shika upande wa ziwa. Alipenda kupanda akiliangalia ziwa."

Nikazunguka mpaka kwenye kichuguu, nikaingia. Meno yakapita, udongo mweusi ukageuka taratibu, na pamba ikabaki imesimama huku na huku. Ukungu ulipoanza kunyanyuka nilikuwa napita pale pale alipopita mzee, na nilihisi yuko mbele yangu kidogo tu, hana haraka. Nililia peke yangu juu ya trekta, mwanangu, wala sikuona aibu.

Tangu hapo, kila msimu wa palizi, nikifika kwenye minyaa nilizima injini nimsikilize mama. "Ndama, jino la kushoto limelegea." "Ndama, kunywa maji, jua kali." Miaka ikaenda hivyo. Siku moja, mama ameshaingia ndani, nikachungulia kwenye tundu la uzio nimwone huyo ndama. Hapakuwa na kitu, wala kamba, wala kinyesi. Minza akaniambia ndama aliuzwa mwaka ule ule wa kwanza, na mama hakuwahi kufunga mwingine pale.

Mama naye sasa hayupo. Trekta lipo, na jana tu nimewaelekeza wajukuu kufunga meno. Ninachokuachia ni hiki: ukikabidhiwa kazi aliyoianza mwingine, usiingilie upande ulikotokea wewe, uliza yeye alianzia wapi. Na wapo watu wanaokupenda ambao heshima imewafunga midomo. Hao hawatakufuata kukupigia kelele. Zima injini, sogea kwenye uzio wao, ukubali kuitwa ndama.

Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie udongo, akupe mvua ya kiasi, na popote utakapopita asikosekane mtu nyuma ya minyaa anayekuita.