Namba Zilizokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Shangazi yangu alikuwa mpima hali ya hewa. Kwa miaka ishirini na sita alipanda kilima kila asubuhi na kandambili miguuni na viatu vya kazi mkobani, maana viatu vya kazi, alisema, si vya kuchezea tope. Alipenda utaratibu kupita kiasi. Hata orodha ya sokoni aliipigia mistari kwa rula.

Kituo kilikuwa na vyumba viwili, na nyuma yake mlingoti mrefu wa chuma wa mawasiliano. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa mlingoti huo. Sisi watoto wa ukoo tulimwita Kima kwa jinsi alivyouparamia, naye aliitika bila kinyongo.

Mwaka mmoja watu wa chuo kikuu walileta kisanduku cha kupima mionzi, ile isiyoonekana, ya jamii ya ile ya picha za hospitali. Walikifunga juu ya paa, na namba zake zikawa zinaonekana kwenye kioo kidogo mezani kwa shangazi. Mawingu yakitanda, aliziandika daftarini kila nusu dakika. Siku ya kawaida, arobaini na kitu. Mvua ikinyesha, hamsini. Lakini mara mojamoja wingu zito lilisimama juu ya kilima, namba zikapita mia, kisha radi ikapiga huko bondeni na namba zikaporomoka papo hapo.

Shangazi alimweleza mkuu wa kituo kwamba mionzi inaitangulia radi. Mkuu, mtu wa tai ndefu na akili fupi, alicheka hadi akakohoa, akauliza tangu lini radi ikatuma barua kabla ya kuja. Akatoa amri: namba yoyote inayopita mia ni hitilafu ya mashine, ikatwe kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Shangazi hakubisha. Aliiweka kalamu kando ya rula, maisha yakaendelea.

Siku yenyewe ilikuwa saa nane mchana. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi bila tone wala ngurumo. Waya ulilegea juu ya mlingoti, mumewe akapanda kuukaza. Mezani, shangazi aliona arobaini na tatu, sitini, tisini, mia na kumi. Akachukua rula, akakata. Mia na hamsini, akakata. Mia na themanini. Mia mbili na tano. Dirisha lilikuwa wazi, na angemwita mumewe angesikia. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea, na radi ilikuwa imepiga mbali kila mara.

Mara hii iliupiga mlingoti. Kioo kikasoma arobaini na mbili.

Mkuu aliandika ripoti kwamba hapakuwa na dalili yoyote, akamletea shangazi atie saini kama shahidi. Akatia. Asingetia, ingembidi aeleze alikuwa akifanya nini wakati ule. Ukoo mzima tulimlaumu mkuu. Shangazi mwenyewe hakumlaumu mtu, na hilo lilituumiza zaidi.

Miaka saba baadaye alikuja nyumbani mtafiti, dada mchangamfu, na lile daftari. Alieleza kwamba umeme ulio ndani ya wingu la radi huzisukuma chembe ndogo mno kwa kasi hadi zikatoa mionzi. Mashine haikuwa na kosa hata siku moja. Alimshukuru shangazi kwa mistari myembamba, maana namba zote zilisomeka. Nani alikufa siku ile, hakuna aliyemwambia, na mimi niliyeshika birika la chai nilikosa ujasiri.

“Mama, ukurasa huu ndio bora kuliko yote,” alisema. “Mistari minne. Hapo mpaka radi ipige ni muda gani?”

“Dakika mbili.”

“Kweli zinatosha kumwokoa mtu?”

Shangazi alilivuta daftari, akaupangusa ukurasa kwa kiganja ingawa haukuwa na vumbi.

“Yeye kushuka ilikuwa dakika moja,” alisema. “Nilikuwa nampimia kwa saa, tukitaniana.”