Sato Hasafiri Ameshiba

Mie ni mwalimu wa baiolojia, kwa hiyo sina pa kujifichia.

Tulikuwa tunahama Sinza kwenda Kinyerezi, na mume wangu alikuwa na neno moja tu: samaki wake, sato, wasipewe chakula tangu jana yake. Tangu kiwanda cha Chang'ombe kimpunguze kazini, wale sato ishirini wa kuzalisha, kwenye tangi la saruji uani, ndio waliokuwa wanamtoa kitandani asubuhi. "Mwalimu, chonde," aliniambia, "sato hasafiri ameshiba."

Sababu yake nilikuwa naijua kuliko yeye. Chakula kikifika kwenye utumbo, utumbo unatoa homoni. Hizo ndizo zinazoiambia nyongo imwage maji yake, zinaliambia tumbo lisiharakishe, na kichwani zinapeleka habari kwamba imetosha. Kazi yote hiyo inakula hewa, na ndani ya pipa la kuwasafirishia hewa ni ya kupimiwa. Nimelifundisha hilo darasani mpaka sauti ikakauka.

Lakini asubuhi ile sikutulia. Nafunga boksi, nalifungua, natoka uani, narudi ndani. Kila nikitoka, sato wanapanda juu wananiachamia midomo. Jamani! Kwetu Kusini mtu haondoki nyumbani bila kutia kitu tumboni, hata kama gari linapiga honi. Nikawatupia konzi moja ya chakula. Ile habari ya kushiba inachelewaga kufika. Wakafagia chote, wakaomba tena. Nikaongeza ya pili, halafu nikajikasirikia, nikaenda kufunga masufuria.

Kirikuu, kigari cha mizigo tulichokodi, kikakwama kwenye foleni, pipa la sato nyuma, jua kali. Mie mbele nauliza kila dakika, "Bado tu?" mpaka dereva akasema, "Mama, tulia basi." Nitulie vipi!

Kinyerezi, mume wangu akafunua pipa. Maji yamechafuka kama ya kuoshea vyombo, punje za chakula zilizotapikwa zinaelea, sato wamelala ubavu. Wawili tu ndio waliokuwa bado wanatweta. Akachota zile punje, akazitazama, akanitazama mie. Nikasubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze.

Jirani mpya alikuwa amekuja kutukaribisha, akachungulia pipa. "Maskini, poleni! Wamepatwa na nini?"

Mume wangu akafumba kiganja chenye punje.

"Joto tu, jirani," akasema. "Mke wangu amewahangaikia sana."