Uji wa Wanga Uliokataa Kuwa Bluu

Wenzangu mliosoma sekondari kabla ya simu za kupangusa, mnakumbuka harufu ya ayodini? Mimi naikumbuka kuliko harufu ya pilau ya Idi. Ilikuwa ikiingia kwenye kucha haitoki, vidole vinakuwa vya kahawia kama vya mvuta tumbaku, na yeyote aliyekutana nawe uwanjani alijua huyu ametoka maabara. Tulikuwa tunakula makande tumenyoosha vidole makusudi, tusije tukakosa kuonekana. Ulikuwa ushamba, na ulikuwa na raha yake.

Naandika haya nikiwa na hasira, nisiwafiche. Nimejaribu kuziandika siku zile kwa upole kama wanavyoandika wengine, nikashindwa. Utoto wangu una utamu mwingi, lakini katikati yake kuna mfupa, na kila nikimeza unanikwama palepale.

Kwetu ni Rungwa. Likizo ikiisha, baba alinipandisha kwenye lori, juu ya magunia, na sanduku langu la bati na dumu la asali lililofungwa mpira mdomoni lisivuje. Tulifika Itigi, ilikokuwa shule, tumebadilika rangi kwa vumbi, hata kope. Nikifika bweni, wenzangu hawakuniuliza habari za nyumbani mpaka kwanza waulize habari za dumu. Asali ile tuliila na mkate mkavu, na kwa kijiko, na kwa vidole, na haikuwahi kufika mwisho wa mwezi.

Baba alikuwa mfuga nyuki, mtu wa maneno machache. Alikuwa akiwacheka watu waliogonga mzinga kwa nje, wakasikiliza mlio, kisha wakaenda kutangaza una asali kiasi gani. "Mzinga haukisiwi," alisema. "Mzinga unafunguliwa." Nimekua nalo neno hilo, na ndilo lililoniponza.

Chakula cha shule mnakijua. Uji wa mtama asubuhi, makande mchana, jioni ugali wa uwele na mlenda. Mlenda tulipika wenyewe kwa zamu, tukautia magadi ulainike na uvutike vizuri, kama ulivyopikwa majumbani kwetu. Kiangazi kikiwa kikali kisima cha shule kilikuwa kinatoa matope, kwa hiyo sufuria hazikuoshwa kwa maji. Tulizisugua kwa majivu, tukazipangusa kwa kitambaa, tukaziinamisha juani. Matroni wetu alikuwa na msemo wake: "Jua ni sabuni ya Mungu, halina foleni." Hakuna aliyeona ajabu, maana nyumbani pia tulifanya hivyohivyo.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza za zege na dirisha lililozibwa kwa karatasi ya nailoni. Mwalimu wa baiolojia tulimpa jina Skimu. Kila ulichomuuliza, jibu lilikuwa "skimu inasema", akimaanisha ule mwongozo wa kusahihishia mitihani. Ukimuuliza moyo uko upande gani, skimu inasema kushoto. Nadhani angeulizwa mke wake anaitwa nani angetafuta kwanza skimu. Alikuwa pia mwalimu wa taaluma, yeye ndiye aliyeamua nani abaki mchepuo wa sayansi na nani apelekwe sanaa. Sisi tuliokuwa kidato cha tatu tulimwogopa kuliko tulivyomwogopa mkuu wa shule.

Mimi nilitaka kuwa tabibu. Kule kwetu ukiugua usiku, ulikuwa unangoja lori, na lori lilikuwa na ratiba yake, si ya ugonjwa wako. Nilikuwa nimewaona watu wakingoja. Basi sayansi kwangu haikuwa fahari ya kucha za kahawia peke yake.

Siku ile tulikuwa tunapima mambo yanayoathiri utendaji wa vimeng'enya, au enzaimu kama tulivyozoea kuziita. Asubuhi Skimu aliandika ubaoni kwa chaki: joto, asidi na besi, na mengineyo. Mchana tukaingia maabara kulipima joto. Jaribio lenyewe ni rahisi, hata nyanya yangu angelifurahia. Unachukua uji mwepesi wa unga wa muhogo, huo ndio wanga. Unatia mate, kwa sababu kwenye mate mna kimeng'enya kinachovunja wanga. Ukidondosha ayodini, wanga uliobaki unageuka bluu iliyokolea mpaka kuwa nyeusi, na kama umekwisha kuvunjwa rangi hiyo haitokei. Mate ya uvuguvugu yanafanya kazi. Mate yaliyochemshwa yamekufa, hayafanyi kitu, kwa hiyo uji wake lazima uwe bluu.

Tulicheka sana siku ile. Kundi letu lilikuwa na Yunisi, rafiki yangu wa kitanda cha chini, ndiye aliyetoa mate. Alisukutua, akainamia kichupa, akasema, "Jamani msinichekeshe, yanakauka." Tukazidi kumchekesha. Uji tukaugawa kwenye vichupa vitatu pamoja na mate: kimoja tukakiweka kwenye maji baridi ya mtungi, kimoja kwenye maji ya vuguvugu, na cha tatu tukakitia mate tuliyoyachemsha kwenye jiko la mkaa. Tukangoja. Kisha nikadondosha ayodini.

Vyote vitatu vilitoa bluu kidogo, halafu ikafifia, ikatoweka. Hata kile cha mate yaliyochemshwa. Nikarudia, ikawa vilevile. Makundi mengine nayo yalikuwa yananong'ona, yanachungulia vichupa vya wenzao. Ndipo nikafanya jambo ambalo hatukuagizwa. Nilichota uji mtupu, ambao haujaguswa na mate ya mtu, nikadondosha ayodini. Bluu ikaja, ikaondoka. Nikajua mate ya Yunisi hayana kesi. Kesi iko kwenye uji.

Nikaikumbuka sufuria. Uji ule ulikuwa umepikwa jikoni kwa sababu maabara haikuwa na chombo kikubwa, na sufuria iliyotumika niliijua hadi mpini wake, maana jana yake zamu ilikuwa yangu. Niliipikia mlenda, nikaisugua kwa majivu, nikaiinamisha juani. Kingo zake zilikuwa bado na utando wa mlenda.

Wenzangu wote waliandika matokeo ya kitabu. Siwalaumu, mtoto anayetaka kuendelea na shule anajua upepo unavuma kutoka wapi. Mimi niliandika nilichokiona, na chini yake nikaandika kwamba nadhani sababu ni sufuria.

Skimu alipita akisoma madaftari. Alipofika kwangu alisimama, akaniita kwa jina.

"Tatu, umeandika nini hapa?"

"Nilichokiona, mwalimu."

"Nani kakutuma uone?"

Darasa likacheka. Nikamweleza, kwa adabu zote, mikono nyuma. Nikamwambia hata uji mtupu unafanya vile, na kwamba sufuria ilipikiwa mlenda wa magadi ikasuguliwa kwa majivu, na magadi na majivu ni besi, ile besi aliyotuandikia asubuhi.

"Magadi yako kwenye silabasi?"

"Hayapo, mwalimu."

"Mtihani wa taifa utakuja na sufuria yenu ya mlenda?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi futa. Andika kama wenzako. Skimu inasema bluu."

Nikamwambia siwezi kuandika bluu, sikuiona. Sikumwambia kwa jeuri. Alinichapa mbele ya darasa, na hilo nililisamehe zamani, sote tulichapwa, tulichapwa hata kwa kuchelewa mstarini. Nisilolisamehe ni la kesho yake. Aliniita ofisini akaniambia nimehamishiwa mchepuo wa sanaa, kwa sababu sayansi inataka watu wenye nidhamu.

Fikirini kidogo. Mtoto amepima, amerudia, ametafuta chanzo, amekitaja. Kama hiyo si sayansi, nionyesheni sayansi ni ipi. Besi ilikuwa ubaoni kwa mwandiko wake mwenyewe, na ilikuwa ndani ya sufuria, na mtu mzima aliyesomeshwa kwa kodi za wakulima akashindwa kuinama aunganishe ubao na sufuria. Baadaye sana, mwalimu mmoja wa kemia aliyekuwa jirani yangu alinieleza kwamba magadi yanaimaliza nguvu ayodini yenyewe, ndiyo maana bluu haikukaa. Nililoliona lilikuwa kweli, na lilikuwa na maelezo, na maelezo yenyewe hayakuwa magumu.

Baba alikuja shuleni na lori la mbao. Alimvulia Skimu kofia, akamwita "mkubwa" ingawa alikuwa amemzidi umri. Alizungumza taratibu, akaomba nirudishwe. Skimu akasema nafasi zimejaa. Tulipotoka nje baba alinitazama, akaniambia, "Mama, ulichokiona umekiona. Lakini shule ni ya kwao." Hakuniambia nilikosea, na hakuniambia nilifanya vema. Alirudi Rungwa na lori lilelile, na mimi nikaanza kukariri tarehe za wafalme wa Ulaya.

Sikuwa tabibu. Leo nina duka la mafuta ya alizeti na nafaka mjini Manyoni, nashukuru Mungu, watoto wanakula. Yunisi ni muuguzi mkuu huko Dodoma, na ni mzuri, nampenda. Tukikutana huwa ananitania, "Mate yangu ndiyo yaliyokuponza." Tunacheka. Nikifika nyumbani hasira inarudi.

Na mwaka huu imerudi kwa nguvu. Binti yangu Rehema yuko kidato cha tatu, shule ya kata, kutwa. Wiki iliyopita aliingia dukani, akatupa begi juu ya gunia la choroko, akasema, "Shikamoo mama. Leo tumefanya praktiko ya enzaimu."

"Marahaba. Mate mlitumia ya nani?"

"Mate ya nini?"

"Ya jaribio."

Alikunja uso kana kwamba nimemtajia kitu kilichooza. Kizazi hiki kinapiga picha chipsi kabla ya kuzila, kinaweka filta kwenye uso ambao Mungu ameumaliza vizuri, lakini ukikitajia mate kinataka kuzimia. Akanionyesha simu. Mwalimu alikuwa ametuma jedwali kwenye kundi la darasa, lenye matokeo yote tayari: baridi hivi, vuguvugu hivi, yaliyochemshwa bluu. Wao wanalikariri. Hiyo ndiyo praktiko.

Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo silifanyi, nikaenda. Maabara ya shule ile naijua, maana sisi akina mama tulibeba mawe na mchanga wa kuijengea, tukaimba, tukapigwa picha na viongozi. Niliikuta imefungwa kufuli. Nikachungulia dirishani. Meza nzuri zipo, na juu yake viti vilivyovunjika miguu vimepangwa hadi karibu na dari. Sinki zina bomba, na bomba zina utando wa buibui.

Mwalimu ni kijana mdogo, mpole, alinisalimia vizuri na kunipa kiti. Hana fimbo, na hana ukali wowote. Ingenifaa zaidi angekuwa nao, ningejua pa kuelekeza maneno.

"Mama, dawa hazipo, vifaa havijaja," akaniambia. "Lakini usiwe na wasiwasi. Rehema anapata A."

"A ya nini?"

"Ya praktiko."

"Ameishika testi tyubu?"

Akatabasamu kwa aibu. "Mama, siku hizi la muhimu ni wafaulu."

Nilimwambia unga wa muhogo upo dukani kwangu, mate kila mtoto amekuja nayo, na ayodini ya vidonda inauzwa duka la dawa pale stendi. Nikamwambia nitaleta vyote mwenyewe kesho asubuhi. Akasema atalipeleka kwa uongozi, kuna utaratibu. Mpaka leo ninapoandika, utaratibu haujarudi.

Njiani Rehema alitembea mbele yangu, hataki tuonekane pamoja. Tulipokaribia nyumbani akageuka. "Mama, umenitia aibu. Mimi nataka kuwa daktari, nikiambiwa ni bluu naandika bluu, basi." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mzee jinsi ya kutuma pesa kwa simu. Nilikuwa nafikiria mgonjwa atakayelala mbele yake siku moja, na ugonjwa ambao haukutumwa kwenye kundi.

Enzi zetu tulikuwa na dirisha la nailoni na kisima cha matope, na tulikuwa na mwalimu aliyechukia kuona. Sitadanganya kwamba zilikuwa nzuri. Lakini kulikuwa na kichupa mkononi, cha moto kidogo, na wasichana wanaocheka wakingoja rangi itokee, na kwa muda ule mfupi hakuna aliyejua itakuwaje. Nautamani muda ule kuliko ninavyoweza kueleza. Mimi sayansi nilinyang'anywa nikiwa nimeishika. Mwanangu anapewa A, na hajawahi kupewa kitu ambacho mtu angeweza kumnyang'anya.