Siku Nilipouliza Kaburi la Baba Yake Raghu

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo naionea haya mpaka leo. Nilikuwa kijana, fundi wa viyoyozi hapa Doha. Nilikaa Industrial Area, mtaa wa viwanda, chumba kimoja na Raghu, Mhindi aliyenishikia ngazi kila siku kazini. Asubuhi hiyo alipigiwa simu: baba yake amefariki. Ruhusa ya kusafiri hakuipata.

Nikampa pole, kisha nikauliza watamzika wapi.

"Hatuziki, sadiki," akasema. Ndivyo tulivyoitana, yaani rafiki kwa Kiarabu. "Mdogo wangu atawasha moto."

"Mnamchoma? Baba mzazi, kama taka?"

Akageukia ukutani. Siku tatu hakunisemesha. Ngazi aliishika, lakini macho aliyatupa pembeni.

Msimamizi wetu, Mzee Liang, Mchina mpenda utani, aliliona hilo. "Wewe Mkenya, leo redio yako imezimwa?" Nikamweleza, nikitumaini atanitetea, maana kwao pia huzika. Utani ukaisha.

"Sisi na wao tulianza sawa," akasema, "wakulima kando ya mito mikubwa. Lakini wahenga wao waliuliza sana habari za roho: inarudi duniani mara ngapi, itapumzika lini? Mwili kwao ni nguo iliyochakaa, na moto unaifungulia roho njia. Wetu waliuliza zaidi watu wakae vipi kwa utaratibu, mtoto amheshimu nani, mtawala atendeje. Ndiyo maana baba kwetu habanduki nyumbani. Tunafagia kaburi lake, tunampelekea chakula. Baadaye tuliazima mengi ya dini kwao, lakini hilo tukabaki nalo. Wote tunampenda baba. Na moto ule, kijana, huwashwa na kifungua mimba. Raghu ni wa ngapi?"

Wa kwanza. Nilifunga sanduku la zana, nikaingojea jioni.

Jioni nilimkuta Raghu akifua. "Nilisema upumbavu, ndugu yangu. Ungewasha wewe, sivyo?"

Alikamua shati. "Mimi."

"Niambie alikuwa mtu wa namna gani."

Kumbe baba yake alikuwa mkulima aliyeogopa ng'ombe! Tulicheka mpaka Raghu akalia, nami nikakaa naye hapo hapo.

Nawe, mwanangu, umefika juzi na unalala na watu wa mataifa manne. Desturi ikikushtua, usikimbilie kuipima kwa ya kwetu. Tafuta kwanza swali ambalo wazee wao walikuwa wakilijibu. Na mfiwa umuulize habari za marehemu alipokuwa hai. Mungu akulinde ugenini, akupe wa kukaa nawe siku ya msiba, akurudishe nyumbani mzima.